Chui Anayetazama Watu

Mimi ni mchoraji, tena mchoraji mzuri. Nasema mwenyewe, maana nikingoja watu wa Kasongo waseme, nitazeeka na brashi mkononi. Ukipita barabara ya sokoni utaona kazi zangu bila kuuliza. Kile kichwa cha mwanamke mwenye misuko kwenye mlango wa saluni ni changu. Kile kiatu cheusi kinachong'aa kuliko viatu vyote vinavyouzwa ndani ni changu. Na yule daktari wa meno anayecheka peke yake wakati wagonjwa wanalia, ni wangu pia. Baba yangu alichora kabla yangu. Kati ya watoto wake hakupata wa kiume mwenye mkono uliotulia, akanipa mimi brashi, na walioguna wakaguna mpaka wakachoka.

Nimechora mengi, lakini picha moja tu ndiyo inayonifanya niketi kuandika. Ni picha ya mwami wetu wa huko upande wa Wamaza, Kabambare. Mwami ni mkubwa wa kimila. Serikali ina wakubwa wake na mihuri yao, lakini shamba likigombaniwa au ndoa ikivunjika, watu wanakwenda kwa mwami kwanza, na mara nyingi mambo yanaishia huko huko.

Kwetu picha ya mkubwa si pambo. Ingia ofisi yoyote uone. Rais ananing'inia juu ya kichwa cha karani, na karani akitaka kukutisha anaegemea kiti nyuma mpaka vichwa viwili vinakaribiana. Rais akibadilika, picha inashuka, nyingine inapanda, msumari unabaki ule ule. Baba alipenda kunipeleka tukae nje ya ofisi kama watu wenye shida, kumbe tunasoma kazi. "Angalia mutu anavyoingia," aliniambia. "Anasalimia picha kwanza, hata yeye hajui." Nikaangalia, nikaona ni kweli. Mabega yanashuka kabla karani hajafungua mdomo.

Basi mwaka ule nilikuwa Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, nimeitwa kuchora ukuta wa duka la simu. Nilipofika kwenye njia panda ya soko nikakuta bashi. Bashi ni ile plastiki nzito ya kufunikia mizigo ya lori, lakini hii ilikuwa imechapwa picha mjini Bukavu, pana kama ukuta wa kanisa. Kwenye picha alikaa mwanaume kwenye kiti cha rangi ya dhahabu, kama vile vya kukodisha kwa maharusi. Kofia ya manyoya kichwani, fimbo mkononi, na mbele yake imetandikwa ngozi ya chui. Kichwa cha chui kilimwelekea yeye mwenyewe, mdomo wazi karibu na viatu vyake, ungesema mnyama anamwinamia na kumramba. Chini waliandika kwa herufi nyekundu: BABA YETU SOTE.

Nilimfahamu. Alikuwa mdogo wa mwami, baba mmoja, mama mmoja. Aliondoka kwao kabla ndevu hazijaota, akafuata dhahabu, dhahabu ikamkubali. Sasa alikuwa mnunuzi mkubwa, mwenye pikipiki zake barabarani na vijana waliotoka kila upande wa mashariki wakimchimbia. Nilisimama mkono kiunoni nikaikagua ile kazi. Aka! Uso ulikuwa na kivuli cha asubuhi, miguu ilikuwa na kivuli cha jioni. Kichwa cha mtu kimechukuliwa huku, mwili wa mtu mwingine kule, wakavibandika kwa kompyuta. Nilicheka mpaka muuza ndizi akanigeukia.

Halafu kicheko kikakatika. Niliona motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, anapiga honi anapopita chini ya bashi, wa nyuma yake naye akapiga. Niliona mama mmoja mwenye beseni kichwani anakunja goti kidogo. Hakuna aliyewalazimisha. Nikamuuliza muuza ndizi kuna nini.

"Haujasikia? Mwami ya kule juu amelala, hatoki mu nyumba. Huyu anasema kiti haiwezi kungojea maiti. Siku ya barza, kaka yake asipotoka, anakaa yeye."

Barza kubwa hufanywa kwetu mpunga ukishavunwa. Wazee wa koo zote wanakutana kwa mwami, mipaka ya mashamba inasemwa upya mbele yake, na anayekaa kwenye kile kiti cha mti siku hiyo ndiye mwenye nchi. Nilirudi Kasongo nimekasirika. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nikawa nasema njia nzima, na dereva wa pikipiki akadhani namsema yeye.

Hazikupita siku nyingi, akafika nyumbani kwangu mama mmoja mzee, mrefu, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Alikuwa dada mkubwa wa wale ndugu wawili. Kwetu dada mkubwa ndiye anayemvika mwami kofia na ndiye anayetandika ngozi. Bila mkono wake hakuna mwami. Nilimpa maji. Akakataa kunywa mpaka aone mikono yangu. Akaigeuza, akaitazama rangi kwenye kucha.

"Weye ndiye muchoraji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Nilizani ni mwanaume."

"Wengi wanazani hivyo mpaka waone kazi."

Akazunguka uani akatazama mbao zangu zote, hakusifu hata moja. Kisha akanywa maji, akakaa.

"Utakuja uchore ndugu yangu. Iko munene. Uweke hiyo mu kichwa yako: iko munene."

"Nitamwona kwanza, mama."

"Utamuona. Lakini iko munene."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili, yeye mbele, mimi nyuma na ubao wa tripleksi umefungwa mgongoni mwa dereva wangu. Upepo ulikuwa unaukamata ule ubao na kutuyumbisha, dereva anaapa kwa Mungu kwamba hatabeba tena mchoraji maishani mwake. Kwenye matope tulishuka tukasukuma. Mama mzee alisukuma pia, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Jambo la kujua ni hili: kwetu mwami haugui. Anaweza kuwa anakufa, utasikia tu "mwami amepumzika." Asipoweza kutoka, kiti chake kinatolewa nje, watu wanakisalimia kiti na kesi zinasikilizwa mbele yake. Ndiyo maana yule dada aliwaza picha. Kiti kitupu mbele na bashi kubwa vile upande wa pili? Alijua kiti kitashindwa.

Nilipoingizwa ndani nikamwona mwami, moyo uliniuma kweli. Niliwahi kumwona utotoni, alipokuja Kasongo: mtu wa kujaza mlango, na baba yangu, ambaye hakuvua kofia hata kanisani mpaka akemewe, siku ile aliivua. Sasa kwenye kiti alikaa mtu mwembamba, shingo nyembamba, mashavu yameingia ndani. Macho tu ndiyo yalikuwa yale ya zamani. Alinitazama akatabasamu.

"Wamekuambia niko munene?"

"Walisema hivyo, Baba Mwami."

"Yaya yangu huyu, dada mukubwa, anasemaka uongo tangu tuko watoto. Karibu, binti yangu."

Nikaanza kazi kesho yake. Kiti cha mti kilikuwa cheusi kwa kukaliwa na mababu, hakina hata msumari mmoja. Nilitaka kupanga vitu vyangu vizuri kabla ya kushika brashi, basi nikaichukua ngozi ya chui nikaitandika mbele ya kiti, kichwa kikimwelekea mwami. Niliona mgongo wa chui utalivuta jicho mpaka usoni. Hiyo ni akili ya mchoraji, mtu yeyote wa kazi atakubali. Nilikuwa bado nimeinama, nikapigwa mkononi, pa!

"Weye! Unataka kumuzika nikiangalia?"

Alikuwa yule dada. Akaigeuza ngozi kwa haraka, kichwa kikatazama mlangoni, upande wa watu. Ndipo akanifundisha. Mwami akiwa hai, chui anatazama watu, kwa sababu anawalinda na kuwachunga kwa niaba yake. Siku mwami anapokufa, dada anaigeuza ngozi, chui anamtazama mwami, maana kazi yake kwa watu imekwisha na sasa ni kumsindikiza. Hakuna siku nyingine inayogeuzwa. Hata ikianikwa juani, inaanikwa kichwa nje.

Nikabaki nimechuchumaa pale. Picha ya Salamabila ilikuwa imenirudia yote, viatu vinavyong'aa na mdomo wazi.

"Mama," nikasema, "mdogo wenu iko na bashi kule Salamabila."

"Nimesikia. Sijaiona, na sitaki kuiona."

"Ana chui mbele yake. Kichwa kinamwangalia yeye."

Akakaa chini polepole. "Kinamwangalia yeye?"

"Kiko kwenye viatu vyake, mama. Kama kinaramba."

Nilidhani atalia. Lo! Alicheka mpaka kitenge kikamfunguka, akakishika kwa mkono mmoja na mwingine akajipiga paja. Mwami naye akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kisha yule mama akafuta macho.

"Mutoto aliondoka mapema," akasema. "Alizani chui anamwinamia. Hakuna mutu alimufundisha."

"Tumtumie neno aishushe?" nikauliza.

"Weye nyamaza. Muache alete."

Nilinyamaza, jambo ambalo si zoea langu. Lakini amani yetu haikudumu. Siku nilipofika kwenye uso, mama mzee alisimama nyuma yangu akipumua kwenye shingo yangu.

"Ongeza mashavu."

"Hana mashavu, mama."

"Ndiyo nasema uongeze! Mutu mukonde hatawali."

"Nikimnenepesha, itakuwa picha ya nani?"

"Ya mwami!"

"Mwami gani? Yule wa zamani? Basi mungeniita zamani."

"Una mudomo, weye."

"Ninao, na mkono pia. Kama unataka mtu wa kupaka mafuta, sokoni wako wengi." Nikatupa brashi ndani ya kopo, rangi ikaruka mpaka kwenye kitenge chake. Nilikuwa nimekasirika kweli kweli. Sikusukuma pikipiki kwenye matope ya Kabambare kuja kuchora mtu asiyekuwepo.

Sauti ikatoka kwenye kiti. "Nyinyi wawili muko nanigawana kama mbuzi."

Tukamgeukia wote.

"Yaya," akasema mwami, "siku ile ya barza nikitoka, watu wataona nini?"

"Hautatoka. Picha itatoka."

"Nikitoka?"

Dada akageuka. Alitazama ukutani, kidevu kikimcheza.

"Achore vile niko," mwami akasema.

Basi nikachora vile alivyo, na yule mama akaniadhibu kwa jikoni. Sombe, yale majani ya muhogo, ilikuja bila chumvi, samaki ikaja bila chumvi, hata wali ulikuja mkavu kama kokoto. Nilikula. Mimi nilijua ninachofanya. Mafuta yanaficha mtu. Mfupa unashika mwanga. Niliweka mwanga kwenye paji la uso, kwenye mfupa wa shavu, kwenye vidole vilivyoshika fimbo mpaka mishipa ikasimama. Shingo niliiacha nyembamba, lakini imesimama wima, maana hivyo ndivyo alivyoishika hata alipochoka, hata jasho lilipomtoka. Alikuwa akiketi mpaka mimi niseme basi. Nikisahau kusema, naye hasemi.

Chui nilimpa macho. Kuna ujanja ambao baba alinirithisha: ukichora jicho linatazama mbele sawasawa, mboni katikati, litamfuata mtu popote anaposimama. Nilimaliza hapo, nikarudi nyuma, nikafurahi. Nasema ukweli, nilijipenda siku ile.

Mama mzee aliingia akasimama mbele ya ubao. Akaenda kushoto, akatazama. Akaenda kulia, akatazama tena.

"Iko naniangalia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Chui iko naniangalia kila pahali."

Usiku ule sombe ilikuwa na chumvi na mawese mengi, na kipande cha nyama ambacho sikukiomba.

Siku ya barza watu walianza kufika umande ukiwa bado kwenye majani. Wazee wa koo, wake zao, wakulima, wachuuzi wa Lusangi waliofunga pikipiki mizigo ya kuuza, kila mtu. Barza yenyewe ni paa kubwa la nyasi juu ya nguzo, wazi pande zote. Mama mzee alikitoa kiti mwenyewe akakiweka katikati. Akatandika ngozi, kichwa kwa watu. Nyuma ya kiti, kwenye nguzo, nikatundika picha yangu. Watu walikuja karibu, wakaitazama, wakanong'ona. "Mwami amekonda hivi?" nilisikia. "Lakini ni yeye. Angalia macho." Wakakaa, na wote asubuhi nzima walikuwa na ule uso mbele yao.

Jua lilipopanda tukasikia honi. Mdogo wa mwami akaja na pikipiki nyingi, muziki, vumbi, miwani nyeusi machoni. Vijana wake wa machimbo wakapanda michikichi miwili iliyokuwa upande wa pili wa uwanja, wakafunga kamba, bashi ikashuka, BABA YETU SOTE, ikatanda kuelekea barza. Sasa watu walikuwa kati ya picha mbili. Ukigeuka huku unamwona mkonde, ukigeuka kule unamwona mnene.

Alisalimia wazee vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kisha akasimama uwanjani.

"Wazee wangu, muko naangalia mbao. Mimi niko hapa na mwili na damu. Na hata hiyo mbao, muiangalie vizuri! Mifupa! Muchoraji mwenyewe amewaambia ukweli. Mutaongozwa na mifupa?"

Watu wakaguna. Masikio yangu yakawaka moto. Nilijiuliza kama mkono wangu ndio utakaomwangusha mwami, kama yule mama hakuwa na haki alipotaka mashavu. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa amekwisha simama.

Alitembea taratibu mpaka mbele ya bashi. Akaitazama juu, akaitazama chini, mpaka kwenye viatu na kichwa cha chui. Kisha akakifunga kitenge kiunoni, vile wanawake wanavyokifunga msibani, akaweka mikono yote miwili kichwani, akaachia kilio.

"Yooo! Mutoto ya mama yangu! Nani amekuua? Yooo!"

Uwanja mzima ukamtazama. Hata muziki mtu aliuzima. Halafu mwanamke mzee wa kwanza akageuka, akaona kichwa cha chui kimetazama wapi, akashika mdomo. Akainuka, akafunga kitenge, akajiunga. Wa pili akajiunga. Vijana wakawa wanauliza "Kuna nini? Nani amekufa?" na wazee wao wanawanong'oneza, wanaonyesha ngozi iliyo chini, wanaonyesha ile ya kwenye bashi. Kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, kikachanganyika na vilio.

"Yaya!" mdogo wa mwami akapiga kelele. "Niko muzima! Niko hapa!"

"Yooo! Anasema iko muzima! Roho yake haijajua!"

"Kijana muzuri vile!" akalia mwingine. "Tutamuzika wapi, karibu na nyumba ama kule kwa dhahabu yake?"

Vijana wake wa machimbo hawakuwa watu wa kwetu, mila zetu hawakuzijua, lakini kilio cha msiba kila mtu anakijua. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine akasema Inna lillahi, polepole, akaachia kamba aliyoishika. Wote wakasogea mbali na ile bashi, hatua kwa hatua, kila mmoja akijifanya ana shughuli upande mwingine.

Yeye akavua miwani. Alitazama chui wake, kisha akatazama chui wa kaka yake, na niliona uso wake unaelewa. Mwacha asili ni mtumwa, wazee wanasema, na siku ile asili ilimkamata shati hadharani.

Hapo mlango wa nyumba ukafunguka.

Mwami alitoka kwa miguu yake. Kofia kichwani, fimbo mkononi, mwembamba vile vile. Dada akaacha kulia katikati ya neno, akakimbia kumshika mkono, naye akaukataa kwa kichwa. Kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti si mbali, mtoto angeruka tu, lakini kwake ilikuwa safari. Na hakuna aliyeguna. Hakuna aliyesema "ee, amekwisha." Ule wembamba walikwisha kuuona tangu asubuhi, wakauzoea, wakauzungumza mpaka ukaisha. Walimtazama yeye, wakatazama ubao, wakamtazama yeye. Kama ningempa mashavu, mashavu yale yangemzika pale pale.

"Ni yeye," akasema mzee mmoja. Akapiga makofi ya salamu, yale ya polepole, viganja vikiwa vimekunjwa kidogo. Wote wakafuata. Mwami akakaa. Chui walitutazama, wa chini na wa kwenye ubao.

Alipumzika kwanza. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilifika mpaka kwenye michikichi.

"Mudogo wangu. Shusha ile kitu. Sitaki nikuone chini yake tena. Mimi sitaki kukulilia. Weye ndiye utanililia."

Yule bwana mkubwa wa Salamabila alipanda michikichi mwenyewe, na viatu vyake vile vile, akafungua kamba mwenyewe. Hakuna aliyemcheka wakati huo. Aliikunja bashi, akailaza miguuni pa dada yake, akaja kukaa chini kwenye majani pamoja na wadogo wengine. Mipaka ya mashamba ikaanza kusemwa.

Bashi ile haikupotea. Plastiki nzuri vile, nani anatupa? Mama mzee aliitandaza uani akaanikia mihogo, picha juu. Kila nilipokwenda kumsalimia mwami nilimkuta BABA YETU SOTE amelala chali, mihogo kifuani, kuku wanamtembelea puani. Mwenyewe akija kumtembelea kaka yake, na alianza kuja mara kwa mara, alikuwa anaizunguka kwa pembeni. "Yaya, geuza basi hata upande wa pili," alibembeleza. "Upande wa pili unateleza," dada akamjibu.

Mwami alikaa kwenye kiti chake masika mengine yote. Alimaliza kesi zake, akawafundisha waliostahili kufundishwa, na mdogo wake akiwa miongoni mwao, akiuliza maswali kama mtoto wa shule aliyechelewa. Kisha siku moja nikiwa natia rangi kibao cha duka la dawa hapa Kasongo, pikipiki ikasimama nyuma yangu. Nikageuka. Alikuwa yeye, mdogo, bila miwani, macho mekundu. Alikuja peke yake.

"Yaya anakuita," akasema. "Ulete rangi."

Nilifunga makopo. Nilipanda.

Ngozi ya kweli alikwisha igeuza yeye dada, nyumbani, mbele ya waliostahili kuona. Lakini kwenye barza picha yangu ilikuwa bado ipo kwenye nguzo, na ndani yake chui alikuwa bado anatazama watu. "Haiwezi kubaki vile," mama mzee akaniambia. "Ni uongo sasa. Na weye haupendi uongo."

Nikakwangua. Nilimkwangua yule chui ambaye nilijipenda kwa ajili yake, macho yake yote mawili, mpaka mbao ikaonekana. Mdogo wa mwami alinishikia kopo la rangi. Nikamchora tena, mgongo kwetu, mkia kwetu, kichwa kimeinuliwa kuelekea kwa mwami aliyekaa wima na shingo yake nyembamba. Nilimaliza, nikasogea pembeni.

Mama mzee akaja akasimama mbele ya ubao. Akaenda kushoto, akatazama. Akaenda kulia, akatazama.

"Haituangalii tena," akasema.

"Hapana, mama."

Akaweka mikono kichwani, kama siku ile mbele ya bashi, lakini safari hii sauti haikutoka. Mdogo wake akaweka kopo chini, akamshika, akaanza kulia yeye.